Kamiriithu: kilichoogopwa hakikuwa kitabu

Kila yanapozuka mazungumzo ya mchezo wa kuigiza miongoni mwetu hapa Al Mansoura, swali la kwanza huwa ni lile lile: ukumbi tutaupata wapi? Nyumba zetu ni vyumba viwili na sebule, na mara nyingi sebule yenyewe ni chumba cha mtu, godoro limesimamishwa ukutani mpaka saa ya kulala. Basi swali likishaulizwa hakuna wa kulijibu, chai inamiminwa, tunarudi kwenye mpira. Nimeyasikia mazungumzo hayo miaka mingi, na sasa nataka kuyabishia. Nitaanzia hapa tulipo, kisha nimpeleke msomaji mbali kidogo, hadi Limuru, maana ndiko jibu lilikopatikana zamani.

Mji huu una kundi la maigizo ya ridhaa lililoanza mwaka 1954, wakati Doha ilikuwa bado mji mdogo wa pwani na mafuta ndiyo kwanza yameanza kuubadilisha. Kundi hilo, Doha Players, ni la wageni waliokuja kufanya kazi kama sisi, ila wao huigiza kwa Kiingereza. Walifika mahali pa kuwa na ukumbi wao wenyewe. Usiku wa tarehe 19 Machi 2005, wakiwa wanaonyesha Twelfth Night ya Shakespeare, gari lililosheheni mabomu likalipuliwa nje ya ukumbi huo. Mwingereza mmoja aliuawa, watu zaidi ya kumi wakajeruhiwa, na ukumbi ukaharibika. Kundi halikuvunjika. Liliendelea kuigiza mahali pengine, katika kumbi za kuazima. Nalitaja jambo hilo si kwa kutaka kulinganisha misiba, bali kwa sababu linaonyesha kwamba ukumbi na mchezo ni vitu viwili. Kimoja kinaweza kwenda na kingine kikabaki.

Wenyewe tunao mfano mzito zaidi, na kwa maoni yangu tumeusoma vibaya. Nazungumzia msimu mmoja tu wa maigizo katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Msimu huo ulianza Jumapili ya tarehe 2 Oktoba ukakatwa tarehe 16 Novemba. Wiki sita na siku kadhaa, basi. Wengi wetu tunaukumbuka kwa jina la mtu mmoja, Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, na kwa kisa cha kufungwa kwake. Kisa ni cha kweli: usiku wa kuamkia tarehe 31 Disemba 1977 alichukuliwa nyumbani kwake akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima. Lakini tukilisimulia jambo hili kama habari ya mwandishi mmoja shujaa na serikali moja kali, tunapoteza kilicho kikubwa zaidi, nacho ni jinsi mchezo wenyewe ulivyopatikana.

Kamiriithu si mji uliochagua kuwapo. Ni kijiji kilichokusanywa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, wakoloni walipotaka kuwatenga wananchi na wapiganaji wa msituni. Baada ya uhuru watu walibaki pale pale, wengine wakiwa vibarua wa mashamba ya chai, wengine wakifanya kazi katika kiwanda cha viatu, wengine hawana kazi. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alimwendea Ngugi nyumbani akamwambia, kwa maana, tunasikia una elimu nyingi na unaandika vitabu, mbona hutugawii? Likaanza darasa la ngumbaru la watu wazima. Wanafunzi walipokwisha kujua kusoma wakauliza: sasa tusome nini? Ndipo Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipoombwa waandike mchezo. Mchezo ule uliagizwa kama mtu anavyoagiza kiti kwa fundi.

Na kama ilivyo kwa kiti, mwenye kuagiza alikuwa na haki ya kukikataa. Rasimu iliposomwa, wanakijiji waliikosoa. Wazee walisema mzee hazungumzi hivi, hasa mbele ya watoto. Wafanyakazi wa kiwandani walileta habari za mishahara yao na za hewa mbaya wanayoivuta kazini, mambo ambayo wasomi wawili wa chuo kikuu wasingeyajua. Sehemu ya harusi ya kimila, ile yenye majibizano ya nyimbo za gitiiro, iliandikwa kwa kumsikiliza mama mmoja mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Mzee aliyewahi kutengeneza bunduki za wapiganaji wa Mau Mau alitengeneza bunduki za bandia za kuchezea jukwaani. Hebu fikiri, msomaji, ni mwelekezi gani wa London angempata mtu wa maleba na vifaa wa namna hiyo!

Ukumbi nao ulijengwa vivyo hivyo. Vijana waliutengenezea mfano kwa njiti za kibiriti, kisha wanakijiji wakajitolea wakajenga uwanja wa wazi wenye nafasi za watu wapatao 2,000. Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Kwanza watu, halafu mchezo, halafu jukwaa. Sisi tunataka kuanza na jukwaa, ndiyo maana hatuanzi.

Mazoezi yalifanywa hadharani, na hapa ndipo ninapoona siri ya msimu ule. Kwa desturi ya jukwaa la kizungu, mazoezi ni jambo la faragha. Mtazamaji hafai kuona mwigizaji akikosea, ataona siku ya ufunguzi pazia likifunguliwa, akiwa amelipa. Kamiriithu mtu aliyepita njia alisimama akaona jirani yake akisahau maneno, kesho yake akapita tena akamwona ameyakumbuka. Alitoa maoni. Pengine alipanda jukwaani kuonyesha. Ilipofika Oktoba, hadhira ilikuwa inaujua mchezo karibu sawa na wachezaji. Na bado walikuja. Walikodi mabasi na teksi kutoka mbali, wengine wakarudi mara ya pili na ya tatu. Ngugi mwenyewe amesimulia kwamba katika onyesho mojawapo la mwisho mvua ilinyesha, watu wakakimbilia kujikinga, ikakatika, mchezo ukaendelea, ikanyesha tena, na hivyo hivyo kama mara tatu, wala hakuna aliyeondoka kwenda zake.

Nije sasa kwenye mchezo wenyewe, Ngaahika Ndeenda, ambao tafsiri yake ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilitoka mwaka 1982. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, na hati ya shamba hilo ameitia fremu akaitundika ukutani. Mkewe ni Wangeci, binti yao ni Gathoni. Tajiri Ahab Kioi wa Kanoru, ambaye mwanawe John anatembea na Gathoni, anakuja kuwashawishi Kiguunda na Wangeci wakafunge ndoa ya kanisani, kwa madai kwamba ndoa yao ya kimila ni dhambi. Wazazi wanadhani Kioi anataka posa. Ili waipate harusi ya heshima, Kiguunda anaiweka hati rehani benki, na Kioi ndiye anayemsaidia kupata mkopo huo. Kumbe Kioi na wenzake wanalitaka shamba kwa ajili ya kiwanda cha wageni. John anamtia Gathoni mimba, anamruka. Mwisho wa mambo shamba linauzwa, na mnunuzi ni Kioi.

Nitasema wazi kwamba kwenye karatasi mchezo huu una kasoro zinazoonekana. Tajiri anaitwa Ahab na mkewe Jezebel, kana kwamba msomaji wa Biblia hataelewa mpaka agongwe kichwani. Gicaamba, jirani mfanyakazi wa kiwandani, akishaanza kuhutubia hana breki: anaeleza jasho linakwenda wapi, nani anakula na nani anabaki na makombo, ukurasa unafuata ukurasa. Matajiri hawana hata chembe ya shaka ndani yao. Na Gathoni, ambaye kisa kizima kinazunguka juu ya mwili wake, hapewi nafasi ya kutosha ya kusema. Anatiwa mimba, anaachwa, anaishia kuwa mhudumu wa baa, na anguko lake linatumika zaidi kuwaumiza wazazi. Ningeusoma mchezo huu peke yangu kitandani, ningesema ni hotuba iliyovikwa nguo za tamthilia.

Lakini hotuba ile ya Gicaamba haikuandikwa isomwe kitandani. Iliposemwa Kamiriithu, hesabu zile za mshahara zilikuwa za mtu aliyeketi safu ya tatu. Yeye ndiye aliyezileta. Alikuwa anasikia habari zake zikitajwa mbele ya watu 2,000 na mfanyakazi mwenzake. Kinachotuchosha sisi kwa urefu, yeye alikuwa anakikagua neno kwa neno kama anavyokagua malipo yake mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mhakiki anayeupima mchezo huu kwa maandishi matupu, mimi nikiwa mmojawao, anapima ganda.

Serikali ililielewa hilo kuliko wahakiki. Mkuu wa wilaya ya Kiambu alipofuta kibali tarehe 16 Novemba 1977 sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa umma. Wengi husema basi maneno ya mchezo ndiyo yaliyokuwa ya hatari. Sasa tazameni: mwaka 1980 maneno hayo hayo yalichapishwa kwa Kikuyu kuwa kitabu, kikauzwa madukani. Miaka miwili baadaye zikatoka tafsiri za Kiswahili na Kiingereza. Kama maneno ndiyo sumu, mbona chupa iliachwa wazi dukani? Na mwaka ule ule wa 1982, watu wa Kamiriithu walipojiandaa kurudi na mchezo mwingine, Maitu Njugira, walikuta milango ya Ukumbi wa Taifa wa Kenya imefungwa. Wakawa wanafanya mazoezi tu Chuo Kikuu cha Nairobi, na mazoezi hayo yakavuta watu kwa maelfu, mpaka nayo yakazuiwa. Tarehe 12 Machi 1982 polisi walipelekwa Kamiriithu wakaubomoa uwanja ule. Ngugi wa Mirii na mwelekezi Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe. Baadaye pale pale palijengwa chuo cha ufundi.

Kitabu kiliachwa, uwanja ukabomolewa. Kilichoogopwa, kwa maoni yangu, ni ile tabia ya watu kukutana wiki baada ya wiki kusikiliza habari zao na kuzisahihisha. Mwaka 2022 mchezo ulirudi Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, na hapakuwa na polisi wa kuufunga. Ni jambo la kushangilia. Ila pia lilinifanya nijiulize kama hofu ilikwisha kwa sababu Kenya imebadilika, au kwa sababu safari hii watu walikuja, wakakata tiketi, wakaketi, wakapiga makofi, wakaenda zao. Nafikiri yote mawili.

Watanzania wenzangu wasione kwamba nimewasahau. Mwaka 1982 na 1983, wakati Kamiriithu inabomolewa, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikuwa Malya, mji mdogo wa Kwimba mkoani Mwanza. Wao hawakwenda na mchezo wala hawakuuandika. Waliwauliza watu wa Malya shida yao ni nini, na ikaonekana ni ya vijana, mimba za mabinti na ukosefu wa shughuli. Vijana na vikundi vya ngoma wakalitengenezea maonyesho, na baada ya onyesho watu wakabaki kujadiliana. Mlama aliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1991. Hakuna aliyefungwa. Lakini pia hakuna tamthilia ya Malya ambayo mimi leo ninaweza kuishika mkononi nikaisoma na wenzangu. Kamiriithu ilipoteza uwanja ikabakiwa na kitabu, Malya haikukusudia kitabu tangu mwanzo. Wenye kupenda usafi wa nadharia watasema njia ya Malya ndiyo ya haki zaidi, kwa kuwa haina mwandishi anayejitukuza. Huenda. Mimi niliye mbali na kwetu nakishukuru kitabu.

Maana tumekisoma. Alhamisi mbili zilizopita tulikusanyika watu tisa katika sebule moja hapa Al Mansoura, baada ya Isha, tukiwa na nakala moja iliyochakaa na kurasa za fotokopi. Mpango ulikuwa kusoma tu kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, bila maleba wala miondoko. Kicheko kilikuwa kingi mwanzoni. Mama mmoja wa Mombasa, ambaye sote humu tunamwita Bi Mkubwa, alipofika pale Gathoni anapokwenda kustarehe Mombasa na John, aliweka karatasi chini akasema, "Wanangu, Mombasa ndiyo hubebeshwa kila dhambi ya bara." Akaombwa radhi na Wakikuyu wawili waliokuwapo, kwa niaba ya waandishi.

Kisha tukafika kwenye mkopo. Anayemsoma Kiguunda ni ndugu mmoja mlinzi, kijana wa makamo, msomaji mzuri mwenye sauti nzito. Aliisoma sehemu ya hati kuwekwa rehani bila kusita. Sehemu inayofuata, nyumba ya Kiguunda imejaa vitu vipya vya mkopo, kitanda, nguo, na ukutani mapambo ya dini kama yale ya nyumba ya Kioi, na mume na mke wamefurahi wanajaribu mavazi ya harusi. Hapo alinyamaza. Tukadhani amepoteza mstari. Bi Mkubwa akamwonyesha kwa kidole.

"Mstari ninauona, mama," akasema. "Lakini hapa wamekosea. Mtu akishaweka hati ya baba yake rehani hafurahii kitanda. Analala anatazama msumari."

Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Wengi wetu tunajua nauli na pesa ya wakala wa kwanza zilitoka wapi, na shamba la nani lilisimama nyuma yake. Dereva aliyekuwa anasoma Gicaamba akasema kwa upole kwamba labda Kiguunda anajifanya amefurahi kwa ajili ya mkewe. Mlinzi akafikiri. Akasema hiyo inawezekana, lakini basi isomwe hivyo, kwa kujifanya, na macho yake yawe pale ukutani muda wote. Tukairudia sehemu ile tangu mwanzo. Aliisoma kwa uchangamfu wa mtu anayeshikilia uchangamfu, huku anatazama sehemu ya ukuta wa sebule ambayo haikuwa na kitu isipokuwa swichi ya taa, na sebule ikawa kimya hata friji ya jikoni ikasikika.

Nimewahi kuuhakiki mchezo huu katika mazungumzo mara nyingi, nikisema Kiguunda amechorwa kirahisi mno, mjinga anayelaghaiwa kwa suti. Usiku ule nililazimika kulifuta neno hilo. Ujinga haukuwa wa Kiguunda. Nafasi ya kulielewa jambo ilikuwapo kwenye maandishi, ila ilimngoja mtu aliyewahi kuutazama msumari ule. Mhakiki hakuwa yeye.

Tulivunja kikao karibu saa sita, kwa kuwa muuguzi wetu alikuwa na zamu ya alfajiri. Mchezo haujaisha, tumebakiza shamba kunadiwa na yale yanayofuata. Hata hivyo tayari kuna mabishano juu ya Gathoni. Muuguzi, ambaye ndiye anayemsoma, anasema amechoka kulia tu, na anataka apewe dakika tano za kumjibu baba yake kwa maneno yake mwenyewe, nje ya kitabu. Dereva anapinga kwamba kitabu ni kitabu. Bi Mkubwa amesema apewe.

Alhamisi ijayo mlinzi yuko zamu ya usiku, kwa hiyo tumehamishia Ijumaa baada ya Asri, nyumba ile ile. Mwenye nakala nyingine ya kitabu aje nayo. Waliotuma salamu kuuliza kama wanaweza kuja kutazama tu bila kusoma, jibu ni ndiyo, ila waje na viti vyao.